Kuhusu lile swali lako la adhabu

Wete, Pemba

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo. Msimu umeshika, majamvi ya karafuu yametanda hadi ukingoni mwa barabara.

Unasema mtu kaishi miaka 60 tu, vipi atiwe motoni milele? Naona umepima kwa saa. Mahakama haimfungi muuaji kwa zile dakika alizotumia kuua. Mtazame anayewapimia wachumaji kwa pishi, kipimo chake alichokipanua mdomo kwa nyundo: anashindilia kwa kiganja, anapandisha kilele mpaka karafuu zinamwagika, halafu analipa pishi moja. Ni kufumba na kufumbua. Lakini kwa mchumaji mjane, konzi ile ndiyo chajio cha wanawe.

Nisichokubali ni hoja ya Anselm, yule askofu mkuu wa Canterbury aliyefariki 1109, kwamba dhambi ni nzito mno kwa ukubwa wa Anayekosewa. Na sisi tunao wanaosema vivyo hivyo. Basi kumtukana sheha ni kosa zaidi kuliko kumtukana mchukuzi wa bandarini? Mwenyezi Mungu hapungukiwi kitu na dhambi zetu. Aliyepungukiwa ni yule mjane.

Yenye nguvu zaidi ni aya ya 28 ya Suratul An'aam: hata wangerejeshwa duniani wangeyarudia yale yale waliyokatazwa. Yaani adhabu inamfuata mtu alivyo, si siku alizoishi. Hapo hoja yako inatikisika. Ila aya inawasema waliokanusha, si kila mwenye pishi mbovu.

Na huyu wa pishi ndiye tunayekhitalifiana juu yake humu visiwani. Babu yako, wa madhehebu ya Ibadhi, atakwambia mwenye dhambi kubwa akifa bila ya toba hatoki motoni. Kwa mama yako, wa madhehebu ya Shafi, muumini ataadhibiwa kwa kiasi chake kisha atatolewa. Wanasalishana, wanazikana, na sijasikia wakigombana kwa hili.

Mimi niko na mama yako. Aya ya 160 ya sura ile ile inasema jema hulipwa mara kumi, na baya halilipwi ila mfano wake. Mizani imeinama tangu mwanzo, tena upande wetu. Ukimweka muumini motoni bila ya mwisho kwa karafuu za wizi, huo si mfano wake tena.

Mwulize babu anaijibuje, uniandikie kabla sijaja Unguja, maana nikifika atanibana mwenyewe.

Wasalaam,
Nduguyo