Yah: Malalamiko ya Kutuuzia Pointi za Kurejesha Mfumo kwa Jina la Bekapu

Ofisi ya Katibu,
Ushirika wa wakulima wa zabibu,
Mpunguzi, Dodoma.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwaka jana mlitufungia kompyuta ya ofisi. Kwenye ankara yenu kuna mstari unaosomeka "bekapu ya mfumo na kumbukumbu", yaani nakala ya akiba, na tuliulipia. Fundi wenu aliwasha pointi za kurejesha mfumo kwenye Windows, akamwambia mhasibu wetu: "Hapa hata itokee nini, mnarudi nyuma tu."

Mwezi uliopita, katikati ya msimu, diski ilikufa. Daftari la mizani likaondoka nayo: jina la mkulima, kreti alizoleta, kilo, bei ya siku hiyo, kiasi alichokwisha kulipwa. Fundi yuleyule alibadilisha diski, akatujibu kwamba pointi nazo zimepotea.

Zingeachaje kupotea? Windows huziweka ndani ya diski hiyohiyo. Na hata kama diski ingekuwa nzima, zisingeturudishia daftari. Pointi hizo hutunza hali ya mafaili ya mfumo, rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa kama printa) na programu, ili sasisho au draiva mpya ikivuruga mashine, uirudishe ilivyokuwa. Programu iliyowekwa baada ya pointi huondoka. Nafasi iliyotengwa ikijaa, pointi za zamani hufutwa zenyewe. Nyaraka za mtumiaji hazirudishwi wala kuguswa katika urejeshaji huo.

Kwa kazi yake ni kifaa kizuri. Draiva ya printa ilipogomesha mashine, pointi ndiyo iliyotukwamua, na daftari halikuguswa. Siku hiyo fundi alipaswa kutueleza kwa nini halikuguswa. Yeye alisema, "Mmeona bekapu inavyofanya kazi?" Tukamwamini, kwa kuwa yeye ndiye mtaalamu.

Sasa wakulima wanatuletea vikaratasi vya mizani vilivyolowa jasho mfukoni. Mama mmoja jana alinipa chake: inasomeka tarakimu ya kwanza ya kilo, zilizobaki wino umesambaa. Ameuza mavuno ya msimu mzima. Nimlipe kwa hesabu ipi?

Diski ya zamani mliondoka nayo. Isifomatiwe wala kutupwa. Ipelekeni kwa wataalamu wa kuokoa data, kwa gharama zenu. Mturudishie fedha za mstari ule wa ankara. Kisha mje mtuwekee bekapu ya kweli, yenye nakala kwenye diski ya nje inayotunzwa mbali na kompyuta, na mtufungulie daftari kutoka kwenye nakala hiyo kwa kutumia mashine nyingine, tukiona kwa macho. Wateja wenu wengine waliouziwa mstari huohuo waelezeni mapema, kabla diski zao hazijafa.

Tusipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14, tutalifikisha suala hili Tume ya Ushindani, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu huduma anayolipia.

Katibu,
kwa niaba ya wanachama.