Saumu Ina Magharibi: Salamu za Idi el-Fitri

Assalaam alaykum ndugu zangu, jirani zangu, na nyinyi mlio mbali na nyumbani mtakaosali Idi yenu kwenye baridi. Idi Mubarak. Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na visimamo vyetu, awaponye wagonjwa wetu, na awarehemu wale tuliokula nao tambi Idi iliyopita na leo hatunao.

Ni usiku wa kuamkia sikukuu. Mwezi umeandama, na takbira zinakuja kutoka misikiti mitatu kwa wakati mmoja, kila msikiti na mahadhi yake. Tambi nimeshaziepua, nyama ya supu imeshatiwa ndimu na chumvi, zaka ya fitri imeshafika ilikokwenda. Chetezo nimekiweka kwenye kona ya chumba, na nguo za watoto nimezitandaza juu ya tenga ili moshi wa udi uzipate vizuri. Binti yangu mdogo kalala amevikumbatia viatu vyake vipya. Mara mbili nimejaribu kuvitoa, na mara zote mbili amekaza vidole huku yumo usingizini.

Nimevitazama vile vidole nikakumbuka Idi moja yangu mimi. Nilikuwa na miaka minane. Nilikuwa na gauni la rangi ya ndimu lililoshonwa na mama kwa mkono wake, na sarafu za mkono wa Idi nimezifunga kwenye pindo la leso. Tulikwenda viwanja vya Mnazi Mmoja, nikapanda pembea. Nakumbuka upepo ulivyoingia masikioni, nakumbuka nilivyokuwa nikicheka peke yangu huko juu. Mwalimu wetu wa chuo cha Qur'ani akapita. Aliisimamisha ile pembea kwa mkono wake, akaniteremsha mbele za watu, akaniambia: "Shetani kafungwa mwezi mzima, leo kafunguliwa, na wewe ndiye wa kwanza kumpokea."

Nilirudi nyumbani nikalivua gauni. Mama aliponiuliza nilimwambia tumbo linaniuma. Sikulivaa tena. Na kwa miaka mingi baadaye, kila nikicheka sana nilihisi kuna mtu kasimama nyuma yangu.

Mwalimu yule Mungu amjazie kheri. Alinifundisha Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Qur'ani, na mpaka leo nasali kwa sura alizonihifadhisha. Lakini jambo lile alikosea, na walio wengi katika rika langu walipata mwalimu wao wa namna hiyo, au mjomba, au bibi. Tulifundishwa kwamba raha na dhambi ni watoto wa tumbo moja. Ukifurahi, kaa tayari kutubu. Na kila Ramadhani ikija nasikia tena mafunzo hayo yakitolewa kwa jina la saumu, kana kwamba tunafunga kwa sababu chakula ni kiovu na mwili ni adui.

Mimi naona saumu inasema kinyume chake kabisa. Saumu ina magharibi. Mchana mzima unajizuia na maji ambayo ni halali yako, na jua likitua unaamrishwa uyanywe, tena uharakishe. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amesema mfungaji ana furaha mbili: furaha anapofuturu, na furaha atakapokutana na Mola wake. Zimetajwa pamoja, ile ya tende na maji na ile ya kukutana na Mwenyezi Mungu, na wala ya kwanza haikuonewa haya. Na aya ya 187 ya Suratul Baqara, katikati ya hukumu za saumu zenyewe, ikawahalalishia mume na mke usiku wao na kuwaita kila mmoja vazi la mwenzake. Waislamu wa mwanzo walikuwa wakijibana hata usiku, wakishindwa, wakijificha na kujihukumu. Aya ikashuka kuwapunguzia.

Kesho, mtu akisema atafunga, hata iwe ni nadhiri, hata iwe ni deni la saumu alizokula, ameharamishiwa. Dini iliyotuzuia siku zote hizi, kesho inatuzuia tusijizuie.

Siku ya Idi mjini Madina, Wahabeshi, watu wa Uhabeshi, walicheza kwa mikuki na ngao ndani ya msikiti wa Mtume. Sayyidna Umar aliokota changarawe awatupie, Mtume akamwambia awaache. Bibi Aisha, aliyekuwa bado kijana, alisimama nyuma yake, shavu lake juu ya shavu la mumewe, akitazama, na Mtume hakuondoka mpaka alipotosheka yeye Bibi Aisha. Tena siku ya Idi wasichana wawili walikuwa nyumbani kwa Bibi Aisha wakiimba. Sayyidna Abubakar akaingia akawakemea. Mtume akasema: "Waache ewe Abubakar. Kila watu wana Idi yao, na hii ni Idi yetu." Abubakar na Umar ni watu waliobashiriwa Pepo, na wote wawili walisahihishwa kuhusu furaha ya watu wengine. Mtu wa leo anayeikemea furaha ya halali ya mtoto anapaswa kuogopa kidogo kabla hajanyoosha kidole.

Lakini kisa kinachokaa moyoni mwangu ni kile cha Salman Al-Farisy. Mtume alimuunganisha udugu na Abu Dardaa. Siku moja Salman akaenda kumtembelea, akamkuta mkewe, Ummu Dardaa, amevaa nguo chakavu, hakujitengeneza. Akamuuliza ana nini. Akajibu: "Ndugu yako Abu Dardaa hana haja na dunia." Abu Dardaa akaja, akamwekea mgeni chakula, mwenyewe akasema amefunga. Salman akakataa kula mpaka naye ale. Usiku Abu Dardaa akataka kusimama kusali, Salman akamwambia lala. Akataka tena, akamwambia lala. Ulipofika mwisho wa usiku akamwambia sasa amka, wakasali wote wawili. Kisha akamwambia kwamba Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na ahali zako wana haki juu yako. Mpe kila mwenye haki haki yake. Abu Dardaa akaenda kumweleza Mtume, na Mtume akasema Salman amesema kweli.

Tukisimuliwa kisa hiki mimbarini, mara nyingi tunapita haraka mlangoni tukafika kwenye maneno ya Salman. Mimi hubaki pale mlangoni na Ummu Dardaa. Hakulalamika. Hakusema mume wangu ananidhulumu. Alisema tu hana haja na dunia, na nguo zake zikasema yaliyobaki. Mume kajinyima raha kwa ajili ya Mungu, na anayechakaa ni mke ndani ya nyumba. Ndivyo ilivyo. Mtu akiizima furaha kifuani mwake, baridi yake huwafikia wanaolala naye chumba kimoja, na wao hawana nadhiri yoyote waliyoiweka.

Nimewahi kuliona hilo kwa macho yangu. Binamu yangu mmoja, ambaye ameniruhusu niyaseme haya bila jina lake, alilelewa kwenye nyumba ambayo redio ilifungiwa kabatini, hina ilikuwa ya maharusi tu, na msichana akijitazama kwenye kioo zaidi ya mara moja aliulizwa anamtafuta nani. Akaolewa na kijana mwema. Mwezi wa saba wa ndoa akaja kwangu. Nilikuwa nachagua mchele, akakaa, akavuta ungo akawa ananisaidia. Alichagua muda mrefu bila ya kusema. Halafu akasema, macho yake kwenye mchele: "Dada, mimi kila akinigusa nahisi nimekosa. Nikimaliza naoga, naswali, nalia. Hivi na wengine ndivyo?"

Nilimwambia hapana, mdogo wangu. Nikamsomea hadithi aliyoipokea Abu Dharr, pale Mtume aliposema kwamba hata mtu anapomwendea mkewe ni sadaka. Masahaba wakashangaa: mmoja wetu atimize matamanio yake halafu apate thawabu? Akawauliza, mwaonaje, angeyatia kwenye haramu, si angepata dhambi? Basi na akiyatia kwenye halali anapata ujira. Binamu yangu alikuwa amesoma zaidi yangu. Alihifadhi majuzuu ambayo mimi siyajui. Hadithi hii hakuna aliyemsomea.

Kaka zake walipita njia nyingine. Nyumba ile ile, makatazo yale yale, lakini wao walikuwa na simu. Walichokatazwa kukiuliza mezani walikwenda kukisoma gizani, kwa walimu wasio na haya wala huruma, na mmoja wao mpaka leo anapambana nacho. Simhukumu. Alikuwa na njaa na nyumbani hapakuwa na magharibi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi watu wa pwani hatukuwa hivi. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa wasia. Alianza na Mwenyezi Mungu na Mtume wake na adabu za kuishi na watu, na alipofika kwenye ndoa hakubadilisha sauti: alimwambia aoge, ajisinge, afunge nywele, atunge asumini azitie kitandani. Mama mcha Mungu anakufa, na bado ana nafasi ya kumwambia bintiye habari ya asumini. Bibi zetu walikuwa na somo aliyemchukua mwari akamfundisha mwili wake bila ya kumtia woga. Singo ya kusugulia mwili, udi, dalia ya kujipaka, vikuba, yaani vishada vya mrehani na maua ya kunukia: vyote hivyo vilikuwa malezi.

Na Lamu, mwishoni mwa karne ya 19, Habib Swaleh bin Alwy Jamalil-Layl, aliyetoka kisiwa cha Ngazija, alikaa mtaa wa Langoni na watu wa chini, wengi wao watumwa na watoto wa watumwa, akawasomesha na akasoma nao maulidi kwa matari. Walikuwepo wakubwa wa mji walioona ni aibu, ngoma kwenye jambo la dini. Yeye aliona watu wenye mapenzi ya Mtume na mikono inayojua kupiga. Leo Maulidi ya Lamu, yanayosomwa pale msikiti wa Riyadha, yanavuta watu kutoka pwani nzima. Sisemi kila ngoma ni ibada. Nasema alikuwepo mwanachuoni aliyeitazama furaha ya maskini akaifungulia mlango wa msikiti, na mlango ule haukuvunjika.

Najua nitaambiwa: na hao wanaolewa pombe usiku wa Idi? Na hao wanaokesha ufukweni wakarudi wamevuliwa heshima? Nao nawaona, na nachukia kama mnavyochukia. Mipaka ipo na ni rehema kwetu. Ila nimeishi mtaani siku nyingi, na mara nyingi kijana anayefungulia kila kitu usiku mmoja ni yule ambaye nyumbani kwao hapajawahi kufunguliwa hata dirisha.

Jirani yangu wa ukuta ni Mkristo, na ndiye wa kwanza kuniletea salamu kila Idi. Aliwahi kunieleza kwamba siku 40 za Kwaresima kwao hazihesabu Jumapili, kwa kuwa kila Jumapili ni siku ya kufurahia ufufuko, hata katikati ya mfungo. Nilipenda sana kusikia hivyo. Nikamwambia, kumbe na nyinyi mna magharibi yenu.

Basi kesho, wazee wenzangu, nawaomba. Mtoto akilizungusha gauni lake, mwambie amependeza, na usiongeze "lakini". Akipanda pembea, msukume. Mume, mkeo kasimama jikoni siku zote hizi akipika futari ya watu kumi. Kesho mwambie akae, mle pamoja, umtazame. Mke mwenye haya, haya yako ni pambo, usiifanye ukuta. Na walimu wetu wa vyuoni, mnaosikilizwa na watoto kuliko sisi tunavyosikilizwa: wasomesheni na kisa cha Wahabeshi, na cha Bibi Aisha aliyetazama mpaka akatosheka. Aya ya 32 ya Suratul Aaraf inauliza ni nani aliyeharamisha pambo la Mwenyezi Mungu alilowatolea waja wake, na vilivyo vizuri katika riziki. Swali hilo limeulizwa kwa ukali, na tuliulizwa sisi.

Nami nimemshonea binti yangu gauni la rangi ya ndimu. Limo kwenye tenga, linafuka udi.

Binamu yangu naye anakuja kesho na mumewe na pacha wao. Miaka sita imepita tangu siku ile ya mchele. Jioni hii ameniletea ujumbe wa sauti, watoto wanapiga kelele nyuma yake, na yeye anacheka mpaka maneno yanamkatika: "Dada, niwekee vikuba viwili, usisahau, na asumini za kubeba nyumbani." Nimeshazichuma. Zimo kwenye sahani ya maji, chini ya kawa, bado hazijafunua.

Idi njema nyote. Kulla aam wa antum bikheir.