Pareto ilipimwa, mafuta ya nywele nayo yapimwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nilalamikie biashara ya mafuta ya nywele ya mitishamba hapa Nakuru. Mimi ni msusi, saluni yangu iko Kaptembwo, na siandiki kwa kuichukia mimea. Mshubiri nimeupanda mwenyewe nyuma ya nyumba. Kinachonikera ni zile chupa zinazouzwa kuanzia vibanda vya Soko la Wakulima hadi maduka ya vipodozi ya Barabara ya Kenyatta, zikiwa na picha ya jani, majina ya mimea kumi na mitano au ishirini, na neno “asilia” kwa herufi kubwa kuliko jina la aliyeyatengeneza. Geuza chupa utafute kila mmea umetiwa kiasi gani: hupati. Tafuta umetiwa ndani ya nini, mafuta, maji au spiriti: hupati vilevile. Bei ndiyo iliyoandikwa wazi.

Nimelelewa kwenye pareto, ua linalotoa dawa ya kuua wadudu, ndiyo maana jambo hili linaniuma. Nyumbani ni upande wa Molo, na kabla shamba letu halijageuzwa la viazi lilikuwa jeupe kwa maua. Tulifundishwa kuchuma ua likishafunguka vizuri, safu tatu au nne za vijiua vya manjano vya katikati zikiwa zimechanua, kwa sababu hapo ndipo dawa imejaa. Ukichuma bichi umejipunja mwenyewe. Tulianika, tukajaza gunia, likaletwa kiwandani hapa mjini. Kiwandani hawakutazama kilo peke yake. Walichukua sampuli wakapima pairethrini, yaani dawa yenyewe iliyomo ndani ya ua, na malipo yakafuata kipimo hicho. Ua kavu huwa na asilimia moja na kitu, na likiwa zuri sana hukaribia mbili. Majirani wawili waliopeleka magunia ya uzito mmoja wangeweza kurudi na pesa tofauti, na hakuna aliyeona ajabu. Baba aliisoma karatasi ya malipo kama wazazi wengine wasomavyo matokeo ya mtihani: macho yalikwenda kwanza kwenye ile asilimia.

Kwa miongo mingi Kenya ndiyo iliyokuwa muuzaji mkubwa zaidi wa pareto duniani, na mojawapo ya kazi zake huko nje ni shampuu ya kuua chawa. Basi hii ni dawa ya mmea inayopakwa kichwani, tena mmea wetu. Tazama inavyouzwa Marekani. Kanuni zao zinataka pairethrini iwe kati ya asilimia 0.17 na 0.33, si zaidi wala si chini, ikiambatana na piperonili butoksaidi ya asilimia 2 hadi 4. Hiyo ya pili hutengenezwa kiwandani, haichumwi shambani. Inatiwa kwa sababu chawa ana vimeng'enya vinavyoivunjavunja pareto; ukimpaka pareto tupu anaweza kuanguka, akalala kidogo, kisha akaamka na kuendelea na shughuli zake. Butoksaidi huvizuia vimeng'enya hivyo. Maelekezo nayo yameandikwa: paka nywele zikiwa kavu, acha dakika 10, osha, rudia baada ya siku 7 hadi 10 kwa kuwa mayai hayafi yote. Kuna hata onyo kwa wenye mzio wa maua ya jamii hiyo. Yote hayo yako kwenye kijikaratasi cha chupa ya kutibu chawa wa mtoto wa shule!

Leo mtu akiniletea chupa na kuniambia, “Mama, hii ni asilia, haina kemikali,” mimi humwuliza pareto ni nini kama si kemikali ya ua. Tena ni kemikali dhaifu mbele ya jua. Ikipigwa na mwanga huvunjika upesi. Mafuta mengi ya kunukia ya mimea nayo huharibika kwa mwanga, joto na hewa. Halafu pita kando ya stendi uone chupa nyeupe za plastiki zilizopangwa juani tangu asubuhi.

Lakini kiasi ni nusu tu ya shida. Nusu nyingine, ambayo wauzaji hawaigusi kabisa, ni mahali ambapo dawa inatakiwa ifike. Pareto haitakiwi izame ndani ya ngozi. Inatakiwa imguse chawa, basi. Anayeuza dawa ya kuotesha nywele ana kazi ngumu zaidi, maana nywele haioti kwenye ncha wala kwenye ngozi ya juu. Inaota kwenye shina lake, ambalo kichwani limezama milimita 3 hadi 4 hivi chini ya ngozi. Na ngozi ya juu imeumbwa ili izuie vitu visipite. Kanuni ya kukadiria wanayoitumia wataalamu wa ngozi ni kwamba molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupenya kwa shida. Kafeini, ambayo tunayo kwenye majani chai ya Kericho na kahawa ya Solai, ina 194 tu, na imepimwa ikionekana kupita kwenye vitundu vya nywele ndani ya muda mfupi. Azadiraktini, ile dawa ya mwarobaini inayosifiwa sana, inazidi 700. Simaanishi kwamba mwarobaini haufai kitu, kwani kuna kazi za juu ya ngozi. Ninamaanisha kwamba anayeniambia mwarobaini wake “unaingia hadi kwenye mzizi” anieleze unaingiaje.

Hata minoksidili, ambayo ni dawa ya dukani ya kuotesha nywele na si ya mmea, ililazimika kutafutiwa kibebeo. Ile ya majimaji huyeyushwa kwenye spiriti na propilini glikoli ndipo ipenye, na hiyo glikoli ndiyo inayowawasha baadhi ya watu, mpaka ikatengenezwa nyingine ya povu isiyo nayo. Kibebeo kikibadilika, dawa ni ileile lakini kichwa kinaiona tofauti. Sasa mtu achemshe majani ya rosmari kwenye sufuria bila kifuniko, amwage kwenye chupa ya kunyunyizia, aseme ni sawa na ile rosmari iliyofanyiwa utafiti?

Utafiti upo, na ninaujua kwa sababu wateja hunionyesha kwenye simu kila wiki. Ulifanywa Iran, ukachapishwa 2015. Watu 100 wenye upara wa kurithi waligawanywa makundi mawili, wengine wakapewa mafuta ya rosmari na wengine minoksidili ya asilimia 2. Baada ya miezi 3 hakuna kundi lililokuwa limepata mabadiliko ya maana. Baada ya miezi 6 makundi yote mawili yalikuwa yameongeza nywele kidogo, kwa kulingana. Halikuwepo kundi la tatu lililopakwa kitu kisicho na dawa, kwa hiyo hata huo haumalizi maneno. Waliopakwa walipakwa mafuta yaliyopimwa, si maji ya kuchemsha. Mafuta ya rosmari hayachanganyiki na maji, na ukichemsha yanapaa na mvuke. Harufu nzuri inayojaa jikoni ni dawa yako inayoondoka. Pia hao watu walisubiri nusu mwaka. Chupa iliyoko saluni kwangu sasa hivi, aliyoiacha mteja, imeandikwa “matokeo siku 7”. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo siku 7 ni milimita mbili na ushee. Utayapimia kwa rula gani hayo matokeo?

Chupa hiyo niieleze kidogo. Ukiiacha itulie inajigawa: mafuta juu, maji ya kahawia chini, na kwenye kitako kuna utelezi mweusi kama ule wa mtungi usiooshwa. Hakuna tarehe ya kutengenezwa wala ya mwisho wa matumizi. Muuzaji alimhakikishia kwamba haina kihifadhi, akalisema kama sifa. Kitu chenye majani na maji, kikakaa wiki kadhaa kwenye joto bila kihifadhi, ni shamba la bakteria na ukungu, na dada wa watu alikuwa akikinyunyiza kwenye ngozi iliyo wazi katikati ya matuta, mahali ambapo ameshajikuna mpaka pakachubuka. Mwingine alikuja na ngozi nyekundu, inawaka, baada ya kuuziwa mafuta makali ya minti na kuambiwa ayapake hivyohivyo. Mafuta ya aina hiyo hutiwa matone machache ndani ya mafuta mengine ya kuyapunguzia makali, asilimia moja au mbili, si kumiminwa utosini. Muuzaji alimwambia kuungua ndiko kufanya kazi.

Kuna pia suala la mba, ambalo mtanizomea lakini nitalisema. Mila yetu ni kwamba kichwa kikitoa mba kipakwe mafuta. Mba mwingi hutokana na kuvu wanaoishi ngozini kwa kila mtu, na kuvu hao chakula chao ni mafuta. Ukiwamiminia mafuta ya mzeituni au ya parachichi umewaandalia mlo. Hapa mmea unaweza kusaidia kwa njia nyingine: mwaka wa 2002 ulichapishwa utafiti wa Australia wa shampuu yenye asilimia 5 ya mafuta ya mti uitwao kwa Kiingereza tea tree, ikitumiwa kwa wiki 4, na mba ukapungua kwa asilimia 41, huku kwa waliotumia shampuu isiyo na dawa ukipungua kwa 11. Ona tena: kuna kiasi, kuna kibebeo, na kuna muda. Na kwa kuwa shampuu huoshwa, waliambiwa waiache kichwani dakika 3 kabla ya kuisuuza. Shampuu nyingi za “mimea” zinazopita mikononi mwetu hazikai kichwani hata nusu dakika; dawa yake, kama imo, inaingia kwenye karo.

Wasusi wenzangu wanisamehe kwa hili. Wanunuzi wakubwa wa mafuta haya ni kina dada ambao nywele za kwenye paji zimerudi nyuma, na nyingi zimerudishwa na mikono yetu. Tunavuta mno. Utafiti uliofanywa Cape Town ukachapishwa 2007 ulikuta karibu theluthi ya wanawake waliochunguzwa wana upara wa kuvutwa. Legeza msuko mapema na nywele nyingi hurudi zenyewe. Endelea kuvuta miaka na shina hugeuka kovu, na hapo hakuna mbarika wala kitunguu kitakachofufua. Kumsuka mteja rasta za kubana Jumamosi, halafu kumuuzia chupa ya kuotesha nywele Jumatatu, ni kula pande mbili.

Ninaliomba shirika la KEBS, linalosimamia ubora wa bidhaa, liwalazimishe wanaotaja mmea kama dawa kwenye lebo waandike kiasi chake, kibebeo chake, na kama bidhaa ni ya ngozi ya kichwa au ya nywele yenyewe. Kabla hilo halijafanyika, msomaji anaweza kujisaidia kidogo: katika nchi nyingi viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi, na vilivyo chini ya asilimia moja ndivyo huruhusiwa kufuatana vyovyote mwishoni. Mimea ikitajwa baada ya manukato, umenunua manukato.

Najua watasema nawaonea wadogo. Mama anayekamua mbarika nyumbani kwake Rongai hana pesa za maabara, na pengine mafuta yake ni safi kuliko ya dukani. Basi Serikali ya Kaunti ifanye mpango na Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho kiko hapo Njoro, watengenezaji wadogo wapimiwe sampuli kwa bei wanayoiweza, kama baba zetu walivyopimiwa pareto yao. Atakayerudi na karatasi yenye asilimia aje Kaptembwo, nitampa rafu ya mbele saluni kwangu bila kumtoza.

MSUSI WA KAPTEMBWO,
Nakuru