Kwa Nini Tunaitazama Ardhi Kabla ya Kuhesabu Kilomita

Wateja wanaokuja kukodi baiskeli za changarawe kwetu hapa Orléans, katikati ya Ufaransa, huanza karibu wote kwa kuuliza wataweza kwenda kilomita ngapi kwa siku moja. Ni swali la haki, na kwa aliyezoea lami jibu lake ni jepesi, kwa sababu lami ya leo ni ileile ya jana. Njia za msituni na za kingo za mito hazina tabia hiyo. Kilomita 10 zinazomalizwa kwa nusu saa mwezi wa Julai huweza kula saa mbili mwezi wa Machi, na ndiyo maana tunapopanga safari ya mteja tunaanza na ardhi, na kilomita tunazihesabu mwishoni.

Baiskeli ya changarawe, kwa wasioifahamu, ina usukani uliopinda kama wa baiskeli za mashindano, lakini matairi yake ni mapana zaidi. Yetu yana upana wa milimita 40 hadi 45, hayana tyubu, na ndani yake tunatia dawa ya majimaji inayoziba tundu dogo kabla mwendeshaji hajatambua kwamba amepata pancha. Msomaji aliyekulia Kenya ataitambua ardhi tunayoizungumzia kwa jina la murram, na wa Tanzania ataiita barabara ya vumbi. Tofauti ni kwamba huku barabara kati ya vijiji zimetiwa lami karibu zote, kwa hiyo njia za udongo na changarawe zimebaki za mashamba, za misitu na za kando ya maji, nyingi zikiwa zimefungwa kwa magari. Unaweza kuendesha asubuhi nzima bila kumpisha mtu isipokuwa mvuvi aliyekaa na ndoana zake.

Njia tunayoipendekeza zaidi kwa mgeni ni mzunguko wa takriban kilomita 75, nao unapita katika ardhi za aina tatu. Unaanza kando ya mfereji wa Orléans, uliofunguliwa mwaka 1692 ili kupitisha kuni, mbao na mvinyo kuelekea Paris. Mashua za mizigo zilikwisha kuuacha katikati ya karne ya 20, lakini imebaki ile njia ya ukingoni ambayo watu na wanyama waliipita wakizivuta kwa kamba. Kwa kuwa maji ya mfereji hutulia kati ya lango moja la maji na jingine, njia nayo ni tambarare, na mlima pekee ni ule mwinuko mfupi kwenye kila lango. Kutoka Combleux hadi Fay-aux-Loges na Vitry-aux-Loges hata mtoto wa miaka 12 aliyezoea baiskeli hufika bila kuchoka, ila tunamwonya mapema juu ya mizizi ya miti inayoinua udongo mahali penye kivuli, kwa sababu kivuli hicho huificha.

Baada ya Vitry unaingia msituni, na hapo ndipo tuliposhikishwa adabu na ardhi yenyewe. Msitu wa Orléans una karibu hekta 35,000 za mali ya serikali, ukiwa mkubwa kuliko misitu yote ya serikali katika Ufaransa bara. Ramani inaonyesha njia zilizonyooka kama rula, zikikutana kwenye makutano yenye umbo la nyota, na anayezitazama kwenye kompyuta huona kwamba hakuna la kuhangaikia. Katika mwaka wetu wa kwanza tulichora njia kwa namna hiyo, tukawakabidhi wateja wanne mwanzoni mwa Machi, wala hatukwenda kuipitia sisi wenyewe. Chini ya majani makavu ya mialoni kuna mchanga uliolala juu ya udongo wa mfinyanzi, na maji ya mvua za miezi ya baridi hayapati pa kwenda. Isitoshe, ndio msimu wa kukata miti, na mashine zinazobeba magogo zilikuwa zimechimba mitaro miwili yenye kina cha goti. Wageni wetu walitumia saa mbili na dakika 20 kwa kilomita 11, sehemu kubwa wakizibeba baiskeli begani, na treni yao ya kurudi Paris ikaondoka bila wao. Tuliwarudishia fedha zao, lakini siku yao hatukuweza kuwarudishia.

Tangu hapo, kila njia ya msituni tunayoitoa huwa tumeipitia ndani ya wiki mbili zilizotangulia. Tumejifunza kusoma dalili ndogo. Ukanda wa nyasi katikati ya njia, wenye mistari miwili myeupe ya changarawe kila upande, ni ishara njema, kwa maana njia hiyo iliwekewa mawe chini na maji hupenya. Nyasi za aina ya matete zikiota ukingoni, au njia yote ikiwa ya rangi moja ya kahawia iliyokolea, tunageuka. Yapo pia mawe ya gumegume, hasa ukielekea mashariki upande wa Montargis, ambayo yakivunjika hubaki na makali ya wembe. Mwezi uliopita tulitoa kipande kimoja kwenye tairi la nyuma, kidogo kuliko punje ya mahindi, kilichokuwa kimechana ukuta wa tairi kwa sentimita 2. Mchano kama huo hauzibwi na dawa, kwa hiyo katika kila mfuko wa chini ya kiti tunaweka tyubu ya akiba na kiraka kinene cha kuweka kwa ndani. Fundi wetu humwonyesha mteja namna ya kukitumia kabla hajaondoka, na tunaomba asikatae somo hilo la dakika tano hata kama ana haraka.

Tangu Septemba hadi mwisho wa Februari ni msimu wa uwindaji. Ukikuta kibao kilichoandikwa «Chasse en cours», maana yake wawindaji wako kazini wakati huo huo, nawe usipite, hata kama simu yako inakuelekeza huko. Vizibao vya rangi ya chungwa tunavitoa bila malipo.

Sehemu ya tatu ni mto Loire. Kutoka Châteauneuf-sur-Loire unarudi kupitia Jargeau juu ya tuta la mto, ambalo watu wa hapa wamelijenga na kuliongeza kimo kwa karne nyingi ili kuzuia maji. Hata hivyo, mafuriko makubwa ya 1846, 1856 na 1866 yaliyabomoa matuta hayo mahali pengi, na katika vijiji vya ukingoni bado utaona alama za kimo cha maji zilizochongwa ukutani, nyingine zikiwa juu ya kichwa cha mtu mzima. Njia hapa ni ngumu na safi, lakini upepo wa eneo hili huvuma mara nyingi kutoka magharibi, na juu ya tuta hakuna ukuta wala mti wa kukukinga. Kurudi Orléans ni kuelekea magharibi. Kwa hiyo siku ya upepo mkali tunaugeuza mzunguko wote, mteja apambane na upepo akiwa chini ya miti ya msitu na arudi kwa njia ya mfereji. Wakati wa kiangazi mto hupungua na kuacha visiwa vya mchanga vinavyovutia sana, lakini ndege wa majini waitwao buabua hutaga mayai yao mchangani pale pale. Tunawasihi wateja wavitazame kutoka ukingoni.

Kuhusu maji na chakula, maduka ya vijijini hufungwa saa za mchana, na mengi hayafunguliwi Jumatatu. Chupa ikikauka, tafuta makaburi ya kijiji, kwa kuwa karibu yote yana bomba la kumwagilia maua. Chota kwa heshima, na uache ikiwa kuna kibao cha «Eau non potable», yaani maji yasiyofaa kunywa.

Anayetaka tumpangie safari atuandikie tarehe, uzito wake, mara ya mwisho alipoendesha zaidi ya saa tatu, na treni anayotaka kurudi nayo. Uzito tunauuliza kwa ajili ya upepo wa tairi tu. Treni za mkoa hubeba baiskeli lakini nafasi ni chache wikendi za kiangazi, kwa hiyo asisubiri siku ya mwisho. Njia tutamtumia jioni ya kuamkia safari, baada ya kuangalia mvua ya siku tatu zilizopita, na ikiwa msitu umelowa tutampa kilomita 50 hata kama aliomba 75.