Mwanangu Lusajo, umeshasaini?

Tukuyu, Jumanne usiku

Mwanangu Lusajo,

Marahaba. Sisi wazima. Mvua haijakatika tangu Jumamosi, mgongo wa baba yako bado unamsumbua ila anakula vizuri. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe ni mtu wa "sawa mama, nimekuelewa mama", halafu unakwenda kufanya lile ulilokwisha kuliamua. Barua huwezi kuiambia sawa mama. Isome mpaka mwisho, kisha unijibu swali moja tu: umeshasaini ile fomu ya kumdhamini mwalimu mwenzako, au bado?

Jumapili nilipokuuliza ulinyamaza. Nilisikia jogoo wa huko Mpanda anawika na wewe unahema. Halafu badala ya kunijibu ukanitolea Mathayo 5:42, tena kwa kichwa: "Akuombaye, mpe, naye atakaye kukopa kwako, usimpe kisogo." Nikakwambia vocha inaisha. Haikuwa inaisha. Sikuwa na jibu, na pamoja na hasira zangu nilijisikia fahari, maana najua aya hizo ulizikariria wapi na nani alikuwa ameshika mwiko. Hiyo siirudii.

Sasa jibu ninalo. Rudia huo mstari polepole, kama mtu anayechambua mchele. Atakaye kukopa kwako. Kwako, baba. Huyo mwalimu mwenzako hataki kukopa kwako. Anataka kukopa kwa watu wengine, milioni tatu za pikipiki, halafu jina lako likae chini ya jina lake. Hapo Bwana Yesu hakusema neno. Kama una elfu hamsini mpe, na ukishampa usianze kuhesabu siku. Hiyo ndiyo Mathayo. Habari za kusaini zina mistari yake, iko Mithali, na haibembelezi mtu.

Nimeihesabu jana na miwani ya baba yako: sura ya 6, ya 11, ya 17, ya 20, ya 22 na ya 27. Mara sita, kitabu kimoja. Zamani nilikuwa nikisoma "mwanangu, mwanangu" nadhani Sulemani anajaza karatasi. Kumbe naye alikuwa na kijana wa kumwambia sawa baba. Na Rehoboamu alivyokuja kufanya unajua. Ufalme ulimgawanyikia mikononi.

Hiyo sura ya 6 haianzi kwa kusema usidhamini. Inaanza na mtu ambaye ameshadhamini, ameshanaswa na maneno ya kinywa chake mwenyewe. Inamwambia aende kwa mwenzake, ajinyenyekeze, amsumbue, asilale usingizi mpaka ajinasue kama paa mkononi mwa mwindaji. Kwa hiyo kama umeshasaini hujafa. Lakini usilale. Nenda kesho asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, umwambie mama yangu amekataa, nisingizie mimi, mimi sioni haya. Kama fomu bado iko mezani kwa afisa mikopo, ifuate huko huko. Umeshasaini?

Najua utasema huyo si mtu wa mtaani, ni mwalimu wa kwaya, ameokoka, anafunga Ijumaa. Sikatai. Baba yako alimdhamini mzee wa kanisa aliyekuwa anafunga Jumatano na Ijumaa. Yule ng'ombe uliyeambiwa alikufa kwa ugonjwa, hakufa.

Sasa nikwambie kwa nini silali, maana unadhani naogopea mshahara wako.

Sura ya 22, mstari wa 26 na 27, inasema usiwe miongoni mwa wanaopeana mikono na kudhamini madeni. Kama huna cha kulipa, kwa nini mtu akutolee kitanda chako chini yako? Kitanda. Nimeusoma huo mstari miaka mingi nikiuona kama maneno ya kutishia watoto.

Mwaka ule ulikuwa bweni, kidato cha tatu. Ulichokikuta likizo ni kwamba mama wa nyumba ya bondeni alihama usiku na wanawe, na hukuuliza zaidi. Kikundi chetu cha mkopo kilikuwa cha wanawake kumi, kila mmoja mdhamini wa mwenzake, marejesho kila Alhamisi pale chini ya mparachichi. Yule mama alikuwa amekosa kurejesha wiki tatu mfululizo. Afisa akafunga daftari akasema hakuna anayetoka hapa mpaka hela itimie. Elfu arobaini na nane. Saa nane ikafika, saa tisa, watoto wetu wanarudi shule hawana wa kuwafungulia. Tukainuka, tukateremka bondeni.

Tulimkuta anamenya ndizi. Hakusimama. Aliendelea kumenya, maganda yanadondoka miguuni pake, na sisi tunapita tunaingia ndani kama wageni wa msiba. Mmoja alichukua redio, mwingine sufuria kubwa. Chumbani mtoto wake mdogo alikuwa amelala, ana homa. Tukamwinua tukamlaza kwenye mkeka. Mimi nilishika godoro upande wa miguuni. Lilikuwa bado lina joto.

Vile vitu tuliuziana wenyewe kwa wenyewe ili hela itimie. Lile godoro la chumba cha wageni, ulilolilalia Krismasi ukalisifia kwamba halibonyei, nililichukua kwa elfu kumi na tano.

Basi.

Unaona Torati ilivyo. Kumbukumbu la Torati 24, anzia mstari wa 10. Ukimkopesha mwenzako usiingie nyumbani mwake kutwaa rehani. Usimame nje, mwenyewe akutolee. Na akiwa maskini, rehani hiyo usilale nayo; jua likitua umrudishie, apate kulala katika vazi lake. Tena Kutoka 22 Mungu mwenyewe anauliza, huyo mtu atalala katika nini? Mimi sikusimama nje. Na jua limetua mara nyingi.

Ninachotaka ukione ni hiki: sikuwa mkopeshaji. Aliyekopesha alibaki chini ya mparachichi na daftari lake. Mimi nilikuwa mdhamini tu, kama unavyotaka kuwa wewe, na mdhamini ndiye anayetumwa kubeba godoro. Mshahara ukikatwa utalia mwezi, utazoea. Mimi naiona jioni utakayokwenda kugonga mlango wa mwalimu mwenzako, wewe ambaye hata kuku huwezi kumshika achinjwe, unamwuliza mkewe, shemeji, yuko wapi? Na anakuona dirishani, na mlango haufunguliwi. Jumapili mnakutana kwaya.

Utaniletea Paulo, nakujua. Filemoni, mstari wa 18, kama Onesimo ana deni liandikwe juu yangu. Vizuri, lakini usiishie hapo, soma wa 19. Ameandika kwa mkono wake mwenyewe, "mimi nitalipa". Hakuandika kwamba Onesimo ni kijana mwaminifu, atalipa. Yuda naye alipomchukua Benjamini kwa baba yake alisema umtake mkononi mwangu, na kule Misri siku ilipofika alisimama mbele ya Yusufu akaomba abaki mtumwa yeye, mtoto arudi. Hao ni wadhamini. Hawakutia sahihi wakiomba Mungu mwenzao asikimbie. Basi kama unaweza kumwambia huyo ndugu, na kuiambia roho yako, "hizi milioni tatu nitalipa mimi", saini, sitafungua mdomo. Lakini unazo? Mshahara wako wa kwanza ulinunua kitanda na jiko la gesi, wa pili bado una asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo.

Na hapo Bodi nikukumbushe kidogo. Kwenye ile fomu ya chuo mdhamini ni nani? Nilipiga picha ya pasipoti saizi bila kilemba, mara ya kwanza tangu niolewe, yule kijana wa studio ananiambia mama nyanyua kidevu. Nilisaini nikijua nitauza nini ukishindwa, na kingetosha kulipia mwaka gani na kisingetosha mwaka gani. Baba yako alisema nimerukwa na akili. Kwa hiyo jina langu bado liko chini ya jina lako, Lusajo. Uliyedhaminiwa hujamaliza, unataka kuinuka umdhamini mwingine! Nikimsimulia mtu atacheka. Wiki ile uliyohitimu nilitembea na ile picha yako ya joho kwenye mkoba, namwonyesha kila mtu mpaka muuza dagaa. Akili ile ya chuo uitumie basi na kwenye karatasi za watu.

Usimwache mikono mitupu, sijasema hivyo. Fanya kama Elisha kwa yule mjane, 2 Wafalme 4. Mume wake alikuwa mcha Bwana na bado alikufa na madeni, hayo mawili hukaa nyumba moja kuliko watu wanavyodhani. Mdai anakuja kuchukua watoto wawili wawe watumwa. Elisha hakwenda kumwekea dhamana. Alimwuliza, una nini nyumbani? Ana chupa ya mafuta. Akamwambia akaazime vyombo kwa majirani, tena visiwe vichache, afunge mlango, amimine. Auze mafuta, alipe deni, yanayobaki wale. Sasa na wewe kaa na mwenzako, mwulize ana nini. Hiyo pikipiki anayotaka hataiendesha yeye, atampa kijana awe anamletea hesabu jioni. Wiki ya kwanza hesabu itakuja, ya pili itakuja, ya tatu utasikia pancha, ya nne trafiki. Luka 14 Bwana Yesu anasema mtu akitaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Chukueni kalamu mhesabu mafuta, oili, tairi, na siku za mvua. Mkimaliza kuhesabu huenda hata yeye akaghairi, na urafiki wenu ukabaki.

Na akikwambia basi kama hutaki kudhamini niazime kadi yako ya benki, mwezi mmoja tu, niwaachie wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, waishike, hapo usimwambie hata mama amekataa. Toka tu uende zako. Yuko mwalimu hapa kwetu, mwaka wa pili sasa hajashika kadi yake. Mwisho wa mwezi anakwenda kusimama kwenye kibanda cha mtu anasubiri kupewa mshahara wake mwenyewe, uliobaki. Ukisoma Mithali 22:7, kwamba akopaye ni mtumwa wake akopeshaye, mimi huwa namwona yeye na shati lake jeupe.

Haya. Mdogo wako Atupele anaanza mtihani wa moko Jumatatu, hesabu bado zinamshinda, ukipata nafasi mpigie umsaidie zile za mafumbo, mimi ananidharau. Ng'ombe amezaa, dume. Bati la sebuleni limezidi kuvuja, tumeweka beseni, na zile bati ulizoahidi zisikukimbize. Zisije zikawa ndizo zinazokufanya utafute njia za mkato. Nilikusema vibaya kuhusu bati siku ile ya msiba wa shangazi, mbele ya watu. Baba yako aliniambia.

Huyo huyo baba yako ndiye anayelala kwenye lile godoro siku hizi, anasema linamsaidia mgongo. Nimesikia yule mama yuko Kyela, anauza samaki. Magari yanayoleta mpunga huku yanarudi matupu, nimeshaongea na dereva mmoja. Baba yako anasema miaka imepita, nitamkumbusha mtu aibu yake bure, na yeye mgongo wake nani ataufikiria. Sijui. Tumenuniana tangu jana. Hii barua naiandika jikoni.

Nimekutumia kwa basi la Sumbawanga: maharage kilo tano, maparachichi ishirini nimeyafunga kwa magazeti, usiyakate kabla hayajalainika kama mwaka jana, na ile Biblia yako ya zamani, nimeishona jalada. Ukifika Mithali utakuta nimepiga mistari kwa kalamu nyekundu, samahani, nilisahau kwamba si yangu.

Vyote viko kwenye ndoo ya bluu yenye mfuniko. Ndoo ni ya mama mchungaji, nimeiazima, sitaki kulia kama yule wa shoka la kuazima lililozama Yordani. Mpe kondakta airudishe Ijumaa. Ndani yake niwekee kikaratasi, neno moja tu linatosha, hata kama ni ndiyo.

Mama yako