Usiseme ni tumbo

Wete, Alhamisi usiku

Assalaam alaykum mwanangu,

Ama baada ya salamu, barua hii naitia mkobani mwako, chini ya kanga, uisome ukishafika Fuoni. Ningeweza kusema kwa mdomo, lakini nikianza tu mama yako hudakia, nawe hukumbuka nguo za kuanua. Karatasi haidakiwi.

Jana nilimpigia shangazi yako. Tulianza na habari ya kitanda, tukafika kwenye chakula. Nikamuuliza, "Mtoto amekueleza habari yake ya mayai na ngano?" Akacheka. "Kanambia akila mayai tumbo humsumbua. Mbona hata mimi maziwa yananisumbua."

Tumbo! Wiki mbili nakuuliza umemwambia, unanijibu nishamwambia baba. Kumbe umemwambia tumbo. Anayeumwa tumbo hupewa maji ya moto akalala. Na mtu akidhani ni tumbo atakwambia "onja tu, mwanangu, kidogo hakidhuru," tena atakwambia kwa mapenzi, kakaa na kijiko mkononi, nawe utaona haya kumkatalia. Hayo ndiyo yanayoninyima usingizi. Bahari siiogopi, Unguja siiogopi. Naiogopa haya yako.

Nisikuvunje moyo. Hakuna katika ukoo wetu aliyepanda boti kabla yako na barua ya chuo kikuu mkononi. Nimelisema hilo barazani mpaka wateja wanachukua kababu zao na kuondoka kabla chenji haijatoka. Lakini mtu aliyejibu mitihani yote ile vipi anashindwa kutamka neno moja mbele ya shangazi yake? Mzio. Ukiona zito sema aleji, huko mjini ndivyo wasemavyo. Tumbo usiseme.

Ramadhani itakukuta huko, ya kwanza nje ya nyumba hii. Kwetu ni rahisi, majirani wote wanakujua. Huko sahani zitaingia kutoka milango minne, kila moja ina kawa juu, na adhana ikilia hakuna mwenye subira ya kuulizwa. Sambusa, kaimati, tambi, visheti, hizo unazikimbia mwenyewe. Mimi nahofia zile zisizojitangaza. Mkate wa kumimina utaambiwa ni mchele na tui tu, kumbe mpishi katia ute wa yai. Urojo ule rojo yake ni unga wa ngano. Na wenzio wakikupeleka Forodhani kupunga upepo, ile wanayoiita piza ni unga wa ngano umekandwa, ukavunjiwa yai ndani. Kaa, kula muhogo wako wa kuchoma, angalia bahari. Futari yako ni muhogo wa nazi, majimbi, ndizi, viazi vikuu. Hata hivyo uliza.

Na kwa kuwa najua utatamani kababu, maana wewe ni mtoto wa muuza kababu, nakuandikia za kuku upike mwenyewe. Ukiwa na sahani yako ya kuwapelekea watu, hutaona haya kukataa ya kwao.

Kwanza kuku wenyewe. Mwaka mzima ule nilikukataza kuku, nikiona kuku na yai ni mtu na mamaye. Daktari alikuja kutueleza kwamba wengi wenye mzio wa yai nyama ya kuku wanakula bila tabu, na wewe ulikuwa unaila kabla yangu kukukataza. Basi hayo yamepita. Ila ukichinja wa kienyeji, chagua jogoo. Mtetea anayetaga ukimpasua utakikuta kile kishada: mayai machanga ya njano, makubwa kwa madogo kama zabibu, na lile la mbele limeshavaa ganda laini. Kwa wadogo zako hiyo ni tunu ya kugombaniwa. Kwako ni yai kama yai jengine, na likipasukia ndani limeshapaka nyama, kisu na ubao. Kama jogoo hapatikani nunua mapaja ya barafu dukani, yaliyo matupu, si yaliyogaragazwa kwenye unga.

Mapaja, nasema. Kidari hukauka kama pamba.

Kababu zangu za barazani unazijua: kima cha ng'ombe, boflo lililorowekwa na kukamuliwa, yai ndani, kisha yai tena nje kabla ya kuingia karaini. Boflo kazi yake kushika maji nyama isikauke, yai kazi yake kugandisha. Ukiviondoa tu bila kutia badala, utachota makombo. Basi toa mifupa, upate nusu kilo ya nyama, uikatekate kwa kisu hadi iwe kima. Itakuuma mkono. Lakini usimpelekee mwenye mashine, maana nyuma ya kisu cha mashine pana donge la nyama ya mtu aliyetangulia, na hujui alitia nini.

Halafu chumvi, kijiko cha chai kisichojaa, kabla ya kitu chengine chochote. Kanda kama unakanda unga, dakika nne au tano. Mwanzo itateleza. Baadaye utaona rangi inapauka, nyama inaanza kunata, na ukigeuza kiganja chini haidondoki. Hapo imekuwa tayari. Chumvi huivuta protini ya nyama yenyewe ikawa gundi. Mimi miaka yote hii nalipia mayai kwa kazi ambayo nyama ingejifanyia.

Mbatata moja ya kiasi, uichemshe na ganda lake isinywe maji, kisha uiponde ikiwa imepoa na kukauka. Hiyo ndiyo boflo lako. Unga wa mchele vijiko 2 vya kulia, utwange mwenyewe kwenye kinu ulichokiosha. Kitunguu maji kikune, ukikamue mpaka kilie. Maji ya kitunguu yamevunja kababu nyingi kuliko kukosa yai. Thomu, tangawizi, pilipili mbichi, kotmiri. Bizari nimekutilia kwenye chupa ya kahawa, nimeikaanga na kuitwanga mwenyewe leo. Vidonge vya mchuzi usitie kabla hujasoma nyuma ya pakiti, vyengine vina ngano. Sosi ya soya nayo kwa kawaida hutengenezwa na ngano, jina halikwambii.

Viringisha ukubwa wa ndimu, zitatoka kama 16. Ziweke kwenye friji ya shangazi nusu saa, chini kabisa, ndani ya chombo kilichofunikwa vizuri, kitu kisizidondokee, nazo zisidondokee chakula cha watu. Kuku mbichi ana vijidudu vyake. Ndiyo maana wanasema hata kumwosha chini ya bomba si vizuri, maji yanaruka na kuvitapanya jikoni kote. Mama yako hilo halikubali, na ndimu yake na siki. Sikugombanishi naye.

Sasa mafuta. Hapa nisikilize.

Zamani nikiamini moto unaua kila kitu, kama unavyoua vijidudu. Mzio si kijidudu. Kwenye ute wa yai mna protini inaitwa ovomukoidi, ambayo moto wa karai hauivunji kwa urahisi. Mafuta yaliyokaanga sambusa na kababu za yai yamebeba makombo, na ukiyachuja unatoa yale unayoyaona. Kwa hiyo mtu akikwambia "hizi zako peke yako, hazina yai, kula," muulize zimekaangwa ndani ya mafuta gani. Akikwambia mapya, muulize na karai. Siku ile unayoijua watu walikuja kuniuliza, nikawajibu tumbo, mtoto kala maembe mabichi. Hata msimu wa maembe haukuwa. Ulikuwa usiku wa mwanzo wa Ramadhani, foleni imefika msikitini, na muuza kababu hawezi kutangaza kwamba kababu zimemlaza mwanawe. Mafuta nilikuwa nimeyachuja kwa mkono wangu, kwa kitambaa cheupe. Basi hilo tumbo ulilompa shangazi yako, hukuliokota mbali.

Karai dogo nimekutilia ndani ya ndoo, nimelifunga uzi mwekundu mkononi. Ni lako peke yako, na upawa wake. Mwiko wa mbao usiazime, mbao hunywa. Mkipika pamoja, zako zitangulie, usingoje mpaka meza imejaa unga. Vyombo vioshwe kwa sabuni na maji, na mikono pia. Ile dawa ya kupaka viganjani huua vijidudu, yai hailiondoi. Moto uwe wa kiasi, ukizidisha nje zitakuwa nyekundu na ndani mbichi. Wanasema kati ifike nyuzi 74. Kipimo hatuna, kwa hiyo vunja moja: isiwe na wekundu, na maji yake yawe meupe.

Au usikaange kabisa. Hili ni la mama yako, nami nakiri ni bora kuliko langu. Tui jepesi, bizari manjano, thomu, pilipili nzima isiyopasuliwa. Likianza kuchemka unazitia kababu moja moja, huzikorogi, unatikisa sufuria tu. Dakika 15, tui zito juu, ndimu ukiepua. Hakuna karai, hakuna mafuta ya mtu. Alianza kuzipika hivyo wiki ile ile, wala hakunambia neno.

Ile karatasi ya daktari iko kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Mpe shangazi yako aisome mbele yako, si baadaye. Midomo ikivimba, sauti ikikauka, pumzi ikipiga filimbi, au vipele vikitoka na kutapika juu yake, usiende kujifungia chooni kwa kuona haya. Nakujua. Vidonge vya mwasho huondoa mwasho, koo havilifungui. Kinachotakiwa ni sindano ya adrenalini kwenye nyama ya paja, upande wa nje, mapema. Ukingojea gari ulale miguu juu, ila kama pumzi inakukaba basi ukae, wala usiinuke kutembea. Ukifika tu, hata mzigo hujafungua, muulize shangazi hospitali ya karibu iliyo wazi usiku ni ipi, na nani hapo mtaani ana gari. Aulizwe tena Ramadhani ikikaribia, watu huhama.

Mengine ni madogo. Bati la jikoni limevuja tena pale pale, fundi anasema wiki ijayo, kama alivyosema wiki iliyopita. Ile pesa ya karafuu iliyobaki baada ya nauli yako nimempa mama yako, usimwombe mimi sijui. Ndoo yenye kifuniko cha buluu ni ya jirani, ukishatoa vilivyomo uirudishe na mtu yeyote anayekuja Pemba, ameshaniuliza mara mbili. Mdogo wako anataka chumba chako. Nimemwambia asubiri, kisha nikaona godoro lake limeshahama. Yule paka amezaa chini ya kitanda changu.

Na mimi barazani nimefanya jambo, mama yako atakwambia kwa vile atakavyo yeye. Nimeweka karai la pili, la za kuku na mbatata bila yai, pembeni. Jana zimenunuliwa nne. Mteja mmoja aliniuliza za nini hizi, nikamwambia ni za mwanangu, ana mzio. Alichukua mbili.

Shangazi yako nimempigia tena leo baada ya alasiri, nikamwambia neno lenyewe. Alinyamaza muda, kisha akauliza kama mkate wa mofa unakula. Unga wake ukiwa wa mtama mtupu unakula, nimemjibu, lakini amuulize muokaji. Wewe nawe mwambie kwa mdomo wako, asijue kutoka kwangu tu.

Gari ya Mkoani itapita alfajiri. Ukiamka kutia udhu washa taa ya ukumbini, nimeingiza karafuu ndani kwa ajili ya mvua na nimezitandaza mpaka mlangoni. Pita ukutani.

Baba yako