Namba tatu za nyuma ya kadi

Mwanangu Rehema,

Sote wazima huku Tanga. Habari ya kadi mama yako kanisimulia juu juu tu, maana nawe kwenye simu humalizi maneno. Nijibu hili kwanza: yule aliyekupigia simu akijifanya mtu wa benki, ulimtajia zile namba tatu za nyuma?

Nimekaa kaunta ya benki mpaka nikastaafu, sijapata kumpigia mteja simu kumuuliza namba hizo. Tapeli wa aina hiyo jina lako analo, namba ya kadi keshaipata kwingine. Anakusomea zote 16 mpaka moyo wako unatulia, kisha anadai anataka kuhakikisha tu kwamba kadi unayo mkononi. Hizo tatu ndizo zilizomleta. Duka la mtandaoni haliruhusiwi kuzihifadhi malipo yakishapita, wala kwenye ule utepe wa sumaku hazimo, kwa hiyo hana budi azipate kinywani mwako wewe mwenyewe.

Na wewe ndiye uliyemfundisha shangazi yako kutowajibu hawa wa "ile hela tuma kwenye namba hii"! Sikulaumu. Basi, nakulaumu kidogo. Ila kuwapigia benki usiku uleule kadi ikafungwa, hapo umefanya kiutu uzima, nimewasifia hata majirani.

Kadi mpya itakuja na namba nyingine, tarehe nyingine na hizo tatu nyingine. Ya zamani ikate kwa mkasi, upite katikati ya chipu. Usijione umemaliza. Pitia taarifa ya matumizi mstari kwa mstari, hata dola moja usiyoijua uiulize, maana wezi huonja kwanza. Tena malipo ya kila mwezi yanaweza kukufuata mpaka kwenye kadi mpya, kwa sababu kuna wafanyabiashara wanaopelekewa namba mpya ili makato yasikatike.

Mdogo wako amenisomea sheria ya huko Marekani. Kadi ya mkopo ikitumiwa bila idhini yako, mzigo wako hauzidi dola 50. Ile inayokata akaunti yako moja kwa moja ni kali zaidi: ikiibiwa, ukajua, ukakaa kimya kupita siku mbili za kazi, unaweza kubebeshwa hadi dola 500. Hukusema ni ipi. Niambie ni ipi, na niambie kama ulizitaja.

Ile picha ya kadi, mbele na nyuma, uliyotuma kwenye simu yangu mdogo wako alipolipia mtihani wa Kiingereza, nimeifuta jana. Simu ilikaa kwa fundi kioo kilipopasuka, na hakuniuliza neno la siri kwa kuwa sikuwa nimeweka. Kijana wa watu, ana adabu, simshuku. Nawe picha kama hiyo usiitume tena, hata kwangu.

Hela ya bati la jikoni usitume mwezi huu, fundi seremala mwenyewe bado yuko Pangani. Mama yako anauliza kama unga wa muhogo ulifika au walikuzuilia uwanja wa ndege. Ukipiga, piga kwa namba yake. Yangu tangu itoke kwa fundi haishiki chaji.

Baba yako